Kufuata Maji Mkono kwa Mkono: Mwongozo wa Walimu wa Msingi Wanaotaka Watoto Wachunguze Mifumo ya Kijiji Chao

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wenzangu wa P4 hadi P6, yaani darasa la nne hadi la sita, hasa sisi wa mashariki mwa Uganda: Busia, Tororo, Malaba na vijiji vya pembeni, ambako mtoto huongea Kisamia nyumbani, Kiteso kwa jirani na Kiswahili sokoni.

Watoto wetu husoma mambo ya serikali za mitaa mapema. Mtoto wa P4 atakutajia LC1 hadi LC5, yaani mabaraza ya mitaa kuanzia kijiji hadi wilaya, bila kusita. Sasa muulize pampu ya kisima chao ikivunjika kesho asubuhi mama yake atamwambia nani, huyo naye atampigia nani simu, na pesa ya kipuri itatoka wapi. Hapo hunyamaza, wakati yeye ndiye anayeteka maji hapo kila siku. Naamini kabisa kwamba mfumo haueleweki kwa kukariri ngazi zake. Unaeleweka kwa kukifuata kitu kimoja, mkono kwa mkono, hadi kwa mtu wa mwisho anayekishughulikia, na kuuliza hutokea nini kikikwama.

Chagua kitu kimoja kilicho karibu

"Serikali", "afya" na "uchumi" ni mada za kitabu, haziwezi kuchunguzwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja. Chagua kitu ambacho darasa litakifikia kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana: kisima cha pampu ya mkono, takataka za soko, dawa za kituo cha afya, steji ya bodaboda, umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla ya kutumia, katika duka la jirani.

Kwa mara ya kwanza napendekeza kisima. Watoto ndio watekaji maji, kwa hiyo wanaanza wakiwa na ujuzi kuliko mwalimu, jambo ambalo ni nadra darasani. Wahusika karibu wote wanaishi kijijini hapo hapo. Na pampu iko mahali pa wazi, haina askari wa getini wa kukuuliza umetumwa na nani.

Fanya kazi hii mwezi wa Februari, muhula wa kwanza unapoanza. Jua ni kali, foleni ni ndefu, na watu wana mengi ya kusema kuhusu maji. Mvua za Machi zikishika, wengi hurudi kwenye chemchemi na maji ya paa, foleni inapungua, na mambo mengi mliyotaka kuyaona yanajificha.

Shule yako ikiwa mjini, kwenye mabomba ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, ambalo liliundwa mwaka 1972, fuata bomba badala ya pampu: mita, bili, kioski kinachouza maji kwa jerikani, ofisi ya tawi. Maswali ni yale yale.

Kabla ya watoto kutoka getini

Nenda wewe kwanza, peke yako, saa ile ile utakayowapeleka watoto. Pima muda wa kutembea, tazama wapi mnavuka barabara, na kama ni barabara ya malori ya mpakani tafuta njia nyingine hata ikiwa ndefu. Mwone mlinzi wa kisima, yule anayefagia na kufunga kufuli, umweleze mnakuja kufanya nini.

Kisha omba ruhusa kwa mpangilio: mwalimu mkuu, wazazi kwa barua fupi, na mwenyekiti wa LC1. Usimruke mwenyekiti hata kama kisima kiko ukutani mwa shule. Kamati ya LC1 ina watu kumi, na kwa sheria makamu mwenyekiti ndiye mwenye jukumu la ustawi wa watoto. Huyo mwalike rasmi. Wengi wao hawajawahi kuitwa na shule kwa kazi yao hiyo, na ukimwita atakufungulia milango ambayo barua haifungui.

Tatizo linalowatisha walimu wengi ni idadi ya watoto. Darasa la watoto themanini halitoki lote siku moja. Ligawe katika vikundi vya watoto sita. Kila siku vitoke vikundi viwili pamoja na watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wanaobaki wanaendelea na masomo na mwalimu mwenzako. Kazi itakula karibu wiki mbili, na hilo lina faida: kundi la Jumatano linatoka likijua kundi la Jumatatu liliona nini, kwa hiyo linauliza maswali makali zaidi.

Vifaa ni daftari, penseli, simu moja ya mwalimu ya kupimia muda, na baadaye nyuzi za rangi tatu. Picha za watu msipige bila wao kukubali.

Mchoro wa kwanza

Kabla ya kwenda popote, mpe kila mtoto karatasi achore majibu ya maswali mawili: chini ya pampu kuna nini, na pesa ya kisima inatoka wapi na kwenda wapi. Asifungue kitabu, asimtazame jirani, na wewe usimsahihishe. Wengine watachora ziwa chini ya ardhi, wengine tangi. Kuhusu pesa, wengi watachora Rais au mzungu mwenye gari. Andika tarehe, kusanya, funga kabatini. Kazi ikiisha watachora tena, na tofauti ya michoro hiyo miwili itakuonyesha walichojifunza vizuri kuliko mtihani wowote utakaotunga.

Maswali yatungwe na watoto

Ukiwaachia watoto, swali la kwanza litakuwa "Kisima kina umuhimu gani?" Hilo ni swali la mtihani. Jibu lake wanalo tayari, na mtu mzima akiulizwa hivyo atatoa hotuba. Lifute mbele yao, ueleze kwa nini. Maswali yanayofaa huanza na "nani", "lini", "shilingi ngapi", na "ikitokea hivi, itakuwaje". Haya ni mfano wa ukali unaotakiwa:

- Mara ya mwisho pampu kuharibika ilikuwa lini, na ilikaa siku ngapi bila kutengenezwa?
- Nani aligundua kwanza? Alimwambia nani?
- Kila nyumba inalipa kiasi gani, na nani anaandika?
- Daftari la pesa liko kwa nani? Nani mwingine amewahi kulisoma?
- Asiyeweza kulipa anafanyiwa nini?
- Watu wa kamati ya maji, ile inayosimamia kisima, walichaguliwaje?

Swali la mwisho linafungua mazungumzo mazuri. Uchaguzi wa LC1 wa mwaka 2018 ulifanyika kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea wao, na kila mzazi anaukumbuka. Je, kamati ya kisima ilichaguliwa kwa mstari, kwa kunyoosha mikono, au kuna mtu aliyataja majina tu? Waache watoto walete jibu.

Maswali yaandikwe kwa Kiswahili darasani, kisha kila kundi liamue litayauliza kwa lugha gani kwa nani. Bibi aliyeko kwenye foleni aulizwe kwa lugha yake. Ukimlazimisha mtoto kumhoji kwa lugha ya shule, utapata majibu mafupi ya adabu na basi.

Siku ya kisima

Wagawie kazi tatu. Wawili wahesabu, wawili wachore, wawili wasikilize. Baada ya nusu saa wabadilishane.

Wanaohesabu wapime muda wa kujaza jerikani moja ya lita 20, tangu mpigo wa kwanza hadi ijae. Warudie kwa jerikani kumi, wapate wastani. Tuseme wastani ni dakika moja na nusu. Basi kwa saa moja zinajaa jerikani 40, yaani lita 800. Sasa weka hesabu ya pili. Makadirio ya serikali ni kwamba kisima kimoja cha pampu kinahudumia watu wapatao 300. Kila mtu akipata lita 20 tu kwa siku, zinahitajika lita 6,000. Gawanya kwa 800: saa saba na nusu za kupiga pampu bila kupumzika. Mwachie mtoto afike kwenye jibu hilo mwenyewe, kisha aulize watu wa kijiji hiki ni wangapi. Mwenyekiti ana orodha ya nyumba. Wakipatikana watu 500, watoto wataelewa kwa nini dada zao wanaamka saa kumi na moja alfajiri, na wataelewa kwa hesabu waliyoifanya kwa mikono yao.

Wanaochora watazame kila kitu kinachoonekana: mkono wa pampu, sakafu ya saruji, mfereji wa kutoa maji yanayomwagika, uzio, njia zinazofika hapo, choo kilicho karibu kama kipo. Ufa kwenye saruji uchorwe, kwa sababu maji machafu hurudi kisimani kupitia hapo.

Kuna jambo moja ambalo watoto huliona kabla yetu: rangi ya maji. Kwenye visima vingi vya kwetu mapigo ya kwanza ya asubuhi hutoa maji mekundu yenye ladha ya msumari, kisha yanasafika. Mtoto atakuuliza kwa nini. Usikimbilie kumjibu, mwambie alihifadhi swali hilo kwa ajili ya fundi. Fundi atamweleza kwamba pampu ya aina ya U2, iliyoenea sana nchini kwetu, ilikuwa ikifungwa mabomba ya chuma kilichopakwa zinki. Penye maji yenye asidi chuma hicho huliwa na kutu, maji yanayolala ndani ya bomba usiku kucha huamka mekundu, na siku moja bomba linatoboka. Jibu hilo linamfikisha mtoto kwenye mwamba ulio chini ya ardhi, kwenye kiwanda, kwenye duka la vipuri na kwenye sanduku la michango, kwa swali moja tu la rangi.

Wanaosikiliza hawaulizi chochote kwa dakika kumi za mwanzo. Wanakaa na kuandika watu wanalalamikia nini na wanamtaja nani. Majina ya wanaolaumiwa yasiandikwe. Waandike cheo au "mtu fulani".

Kuwahoji watu wazima

Watu wanne wanatosha: mlinzi wa kisima, mweka hazina wa kamati ya maji, fundi wa pampu wa gombolola (eneo la utawala lililo chini ya wilaya), na mama mmoja anayeteka maji hapo kila siku. Fundi ndiye mgumu kupatikana. Mpigie simu wiki nzima kabla, na kama hawezi kuja weka simu kwenye spika darasani.

Salamu kwanza, daftari baadaye. Kila mtoto asalimie kama alivyofundishwa kwao. Anayepiga goti apige, anayetoa mkono atoe. Aseme jina lake, la shule, na ni mtoto wa nyumba gani. Hilo la nyumba lina uzito kuliko barua ya mwalimu mkuu: "Mzee, mimi ni mtoto wa yule mama anayeuza mandazi karibu na stendi" humlegeza mtu mara moja. Kisha: "Mzee, tunajifunza jinsi kisima chetu kinavyotunzwa. Tunaomba utusaidie." Mmoja aulize, mmoja aandike, na mwishoni msomeeni mzee mlichoandika, muulize kama mmemwelewa. Hatua hii ya kumsomea watoto huiruka kwa aibu. Isimamie. Hapo ndipo mtu hujisahihisha na kuongeza jambo alilokuwa amelificha.

Nyuzi tatu sakafuni

Hii ndiyo siku ambayo kazi yote inakusanyika, kwa hiyo usiifinye kwenye kipindi kimoja. Sogeza madawati. Andika kwenye vipande vya karatasi kila mtu, kitu na mahali palipotajwa: mwamba wenye maji, bomba, pampu, jerikani, mama, mlinzi, mweka hazina, sanduku la pesa, mwenyekiti wa LC1, fundi, duka la vipuri, ofisi ya gombolola, ofisa wa maji wa wilaya, shule, kituo cha afya. Vitandazwe sakafuni, na kila mtoto asimame kwenye karatasi moja.

Anza na uzi wa buluu, yaani maji. Unatoka kwenye mwamba, unapanda bomba, unaingia jerikani, unafika jikoni. Ni mfupi na haumshangazi mtu.

Uzi mwekundu ni pesa. Nyumba zinatoa mchango, tuseme shilingi 1,000 kwa mwezi. Nyumba 60 zikilipa zote ni shilingi 60,000, lakini ni ngapi zililipa mwezi uliopita? Uzi unakwenda kwa mweka hazina, kwenye sanduku, kwa fundi, dukani. Halafu kuna pesa nyingine inayotoka serikali kuu kupitia wilayani kwa ajili ya visima vipya na matengenezo makubwa, wakati matengenezo madogo yameachiwa watumiaji wenyewe. Watoto wakishaona nyuzi nyekundu mbili zinazoanzia sehemu tofauti, ule mchoro wa mzungu mwenye gari unaanza kufutika vichwani mwao.

Uzi wa kijani ni habari. Huu ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio ambao vitabu havina. Pampu imegoma: nani anajua kwanza? Mara nyingi ni mtoto. Yeye anamwambia mama, mama anamwambia mlinzi, mlinzi anampigia mwenyekiti, mwenyekiti anamtafuta fundi. Ukiufuata uzi huu utaona mahali ambapo haufiki kabisa. Unaweza kukuta karatasi ya ofisa wa maji wa wilaya iko pembeni, haina uzi wa kijani hata mmoja. Muulize mtoto aliyesimama hapo: wewe utajuaje kwamba pampu yetu imekufa? Acha darasa litafute jibu, na kimya kikirefuka kivumilie.

Uzi ukishafungwa, ondoa kipande. Mwambie fundi akae chini, amesafiri kwenda Kampala kwa mwezi mmoja. Nyuzi zipi zimelegea? Ondoa sanduku la pesa. Ondoa mlinzi. Watoto hudhani mkubwa wa cheo ndiye akiondoka kila kitu huanguka. Mara nyingi watakuta mlinzi, asiye na cheo wala mshahara, ndiye ameshika nyuzi nyingi kuliko wengine.

Majibu yakipingana

Yatapingana. Mweka hazina atasema nyumba zote hulipa. Foleni itasema vingine. Hapa mwalimu hushawishika kuchagua upande, au kuacha kabisa jambo hilo kwa kuogopa ugomvi. Usifanye lolote kati ya hayo. Andikeni majibu yote mawili, bega kwa bega, kila moja na cheo cha aliyelisema. Kisha waulize watoto: ni kitu gani kingetuonyesha ukweli? Watasema daftari la risiti. Waombe kuliona kwa heshima. Likikataliwa, andikeni "hatukuliona", bila maelezo ya ziada. Hamkuja kukagua hesabu za kijiji, na mtoto asitumwe kumbana mtu mzima kwa maswali. Lakini ajifunze kwamba "tumeambiwa" na "tumeona" huandikwa tofauti. Mtoto wa P5 akiondoka na hilo moja, mimi naona amepata mengi.

Kurudisha matokeo

Wote waliojibu maswali wana haki ya kuona matokeo. Omba nafasi ya dakika kumi na tano kwenye kikao cha kijiji au cha kamati ya maji. Watoto wanne wapeleke ramani ya zile nyuzi iliyonakiliwa kwenye karatasi ya manila, waeleze waliyohesabu, na walete ombi moja tu linalowezekana: namba ya simu ya fundi ipakwe rangi kwenye nguzo ya uzio, au ufa wa saruji uzibwe. Maombi kumi yatapigiwa makofi na kusahaulika. Mwonyeshe mwenyekiti ramani siku mbili kabla ya kikao, asije akashtukizwa mbele ya watu wake.

Alama

Mwalimu mkuu atauliza hili linasaidiaje PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Jibu ni la kweli na halihitaji kupambwa: serikali za mitaa, huduma za jamii na vyanzo vya maji vimo kwenye somo la jamii, wastani na mgawanyo vimo kwenye hesabu, kutu na maji ya ardhini vimo kwenye sayansi. Mimi hutoa alama kwa mambo matatu: tofauti kati ya mchoro wa kwanza na wa pili, swali moja bora ambalo mtoto alilitunga mwenyewe, na uwezo wake wa kueleza uzi mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusoma. Mwandiko mzuri hauna alama hapa.

Mkishamaliza kisima

Darasa linaloanza upya lichukue mfumo mwingine, na daftari la waliotangulia liwe kabatini kama mfano. Dawa zinafaa sana kwa P6: anzeni kwa VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, mpande hadi kituo cha afya cha daraja la pili kwenye parokia (eneo la utawala kati ya kijiji na gombolola), cha tatu kwenye gombolola, cha nne juu yake, mpaka NMS, bohari ya taifa inayosambaza dawa kila baada ya miezi miwili. Swali la ufunguo ni dawa ya malaria huisha wiki ya ngapi.

Takataka za soko nazo zina uzito wake. Agosti 2024 jalala la Kiteezi, wilaya ya Wakiso, lililokuwa likipokea takataka za Kampala tangu miaka ya 1990, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Mkichagua mada hii, msiishie pale gari la taka linapoondoka sokoni. Mtafuteni dereva, mumuulize anazimwaga taka wapi na nani anaishi karibu na hapo.